Pointi ya Kumi na Saba

Kila wiki mtu ananijia hapa Manika, mtaa wetu wa Kolwezi, na swali lile lile. "Tata, nichukue GPS gani? Ya kuingia nayo pori, si ya mujini." Na mimi namjibu, kwa sababu kazi hiyo naijua. Nimeendesha jeep katika Lualaba hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote. Namuuliza anakwenda wapi, anabeba nini, msimu gani. Nikishamaliza, namwambia: sasa kaa kidogo, bado kuna neno moja. Wengi wanaangalia saa na kuondoka. Wewe umekaa, basi sikiliza, na usinikatize.

Hiki sikukisikia kwa shemeji wa jirani. Kilinipata mimi, kwenye jeep niliyokuwa nikiendesha mwenyewe, saa tisa mchana, na sikuwa nimekunywa hata chupa moja. Najua watu wanapenda mambo haya yatokee usiku, bundi wakilia. Basi pole, langu lilitokea jua likiwaka. Ukitaka kucheka, cheka, lakini ungoje nimalize. Aibu iliyomo humu ni yangu, na nikisimama katikati sitaweza kuendelea.

Patron wangu, bosi wangu wa wakati ule, alikuwa na jeep nne zilizopeleka dawa na vyakula kwenye vijiji vya ng'ambo ya mto. Siku moja akaniletea GPS tatu mpya, bado ziko kwenye plastiki zake. Akasema, "Uzipime wiki moja, tata. Ile utasema wewe, njo nitaweka mu jeep zote." Mimi kifua kikajaa. Si kila dereva anaulizwa.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kushika mkononi, ya vibonye, yenye sura mbaya. Ya pili ilikuwa na kioo kikubwa cha kugusa, na sauti ya mwanamke anayekuongelesha Kifaransa kizuri kabisa huku anakutuma ndani ya shimo. Ya tatu ilikuwa simu ngumu, ya mpira pembeni, yenye ramani ndani. Ukiniuliza sasa hivi nitakuambia mambo yote ya kawaida: uangalie kama kioo kinasomeka juani, kama vibonye vinakubali kidole chenye vumbi, kama kishikio chake hakianguki ukipita kwenye mashimo, kama inakumbuka njia uliyopita ili urudi nayo hiyo hiyo. Ramani yake usiiamini sana. Wewe unajua njia zetu: leo ni barabara, mwezi ujao ni shimo, mwaka ujao ni ziwa la maji ya kijani.

Lakini mimi moyo wangu ulikuwa tayari kwa ile ya kioo kikubwa. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa na jambo moja nililolizoea tangu kazi yangu ya zamani. Unaweza kuweka pointi mahali ambapo hujafika. Unaona kitu kule mbali, unagusa ramani kwa kidole, imeandikwa, na wewe umekaa kwenye kiti chako. Hukushuka, viatu havikuchafuka. Shika hilo neno, tutalirudia.

Namna yangu ya kupima ni rahisi. Naziweka zote tatu juu ya dashibodi, napita njia moja, nazilinganisha. Hazikubaliani kamwe, hata siku moja. Hii inasema uko hapa, ile inasema uko mita tano kushoto, nyingine inakuweka juu ya mti. Dereva wa pori hashangai. Anachotafuta ni ile inayokosea kidogo kuliko wenzake.

Basi nikatoka lami kule karibu na Mutoshi, nikaingia barabara ya pori inayoteremka kuelekea mto. Ilikuwa mwezi wa nane, watu wanachoma majani, moshi umetanda mpaka jua limekuwa jekundu kabla ya saa yake. Nikaona mama mmoja amesimama pembeni mwa njia. Mtu mzima, amejifunga kikwembe cha bluu, miguu peku, beseni kichwani. Nilishangaa kidogo, kwa maana upande ule hakuna tena kijiji. Lakini nani anamwacha mama juani namna ile? Nikasimama, nikashuka, nikazunguka kumfungulia. Mlango wa upande wake ulikuwa umeharibika. Kwa ndani haufunguki hata uuombee kwa jina la Yesu, ni wa kufunguliwa kutoka nje tu. Kila mtu niliyembeba, nilishuka kumpandisha na nikashuka tena kumtoa.

"Aksanti, tata," akasema.

Alipoteremsha beseni kutoka kichwani, jua likapenya katikati yake likanipiga jichoni. Lilikuwa beseni la bati jeupe lenye maua mekundu kwenye ukingo, la aina ile mama zetu walipenda, na chini yake palikuwa na tundu, tundu la msumari mkubwa. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu kidogo. Niliona tundu lile. Sikudanganyi, niliona. Kwetu kaskazini, na hapa pia, mama akifa tunaweka beseni lake juu ya kaburi, na kwanza tunalitoboa, ili mtu mwingine asilitumie tena. Kila mtu analijua hilo. Lakini nikajiambia, ni beseni la zamani, limetoboka, mama maskini hana lingine. Nikafunga mlango.

"Mama, unaenda fasi gani?"

"Kwetu. Mwalushi."

Nikaondoa jeep. Mwalushi haipo. Ilikuwepo, na watu wake na kanisa lake na mihogo yake, mpaka kampuni moja, ambayo jina lake halina kazi hapa, ilipohitaji mahali pa kumwaga mawe yake. Nyumba zikahamishwa. Makaburi yakahamishwa. Nilijua vizuri sana, kwa sababu nilikuwepo. Ningemwambia, mama, Mwalushi iliisha. Badala yake nikasema, "Ile fasi siijui muzuri." Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na sikujua hata ninamficha nani.

Yeye alikuwa anaangalia dashibodi.

"Na bile bitu bitatu, ni bya nini?"

"Ni bya kuonyesha njia, mama. Nabipima. Patron anataka nichague kimoja."

"Binajua fasi yote?"

"Yote!" nikasema, mpuuzi mimi, kwa majivuno.

"Hata fasi ya mutu mumoja?"

Nikacheka. "Hata ya mutu mumoja, kama balimuwekea pointi."

"Nani anawekaka?"

"Dereva. Ao mupimaji."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa nalo tayari. "Basi uchague ile yenye iko na mi ndani," akasema.

Niliangalia zile mashine ili nisimwangalie yeye. Namba za mahali za zote tatu zilikuwa moja. Si karibu, moja, mpaka tarakimu ya mwisho, na jeep inatembea, na zinabadilika pamoja. Miaka yote niliyoendesha, sijawahi kuona hivyo, wala sijaona tena.

Sasa ngoja. Kabla sijaendelea lazima nikuambie kwa nini nilikuwa na hofu, maana mpaka sasa unafikiri mimi ni mtu mwema aliyembeba mama njiani.

Miaka minne nyuma nilikuwa dereva wa ofisi ndogo ya wapimaji wa ardhi. Tulitumwa Mwalushi kuandika makaburi kabla hayajahamishwa. Kazi yenyewe: unafika kwenye kaburi, unaweka pointi kwenye GPS, unaandika namba kwa rangi nyeupe kwenye msalaba au jiwe, na namba hiyo hiyo unaiandika mbele ya jina kwenye karatasi ya shefu wa kijiji. Watakaokuja kuchimba watafuata pointi. Ukikosea pointi, watachimba mahali pengine. Mtoto mdogo anaweza kuelewa.

Siku ile mpimaji wetu alishikwa na malaria. Alilala kwenye kiti cha nyuma anatetemeka, akanipa GPS mkononi. "Tata, we unaijua kupita mi. Maliza tu." Nilijiona mkubwa, siwezi kukuficha. Asubuhi nilifanya vizuri. Misalaba kumi na sita, kwa yote nilishuka, yote niliiandika namba, nilisafisha hata majani kwa mkono. Karatasi ilikuwa na majina kumi na saba.

Saa sita akanikaribisha mama mmoja wa pale, Mama Godelive. Alinipikia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo na samaki wadogo. Nikala. Akaniongezea. Nikala tena. Kisha akasema, "Tata, jina ya kumi na saba ni ya mama yangu, Mama Ngoie. Haiko na bengine. Eko peke yake kule ku kichuguu. Alisema anataka kulala fasi ataona shamba yake ya mihogo. Utaona beseni yake, nyeupe, ya maua." Alitaka anisindikize, lakini alikuwa na wageni wengine wa kulisha. Nikamwambia, "Usichoke, mama. Nitafika mimi mwenyewe." Hayo ndiyo maneno yangu, kama yalivyotoka kinywani.

Nikaendesha. Nikasimama hatua mia moja hivi kutoka kichuguu, injini sikuizima, moteur inaunguruma. Majani yalikuwa marefu, yananifika kifuani. Nikaona kitu cheupe chini ya kichuguu. Nilijua ni nini. Miaka mingi nimejiambia kwamba niliogopa nyoka. Si nyoka, ndugu yangu. Nilikuwa nimeshiba. Nilikuwa nimeshiba bukari ya Mama Godelive, nina usingizi, jua kali, nataka kwenda nyumbani. Basi nikaitoa GPS ya ofisi, ile ya kugusa, nikaweka kidole kwenye ramani nikiwa nimekaa. Ramani pale ni rangi ya kijani tupu, haina kichuguu, haina kitu. Kidole kikaanguka pabaya, karibu na pointi za yale makaburi mengine. Niliona. Ningefuta nikaweka upya. Nikajisemea, wachimbaji wataona wenyewe. Nikageuza jeep.

Hawakuona. Siku ya kuchimba, familia zilikuwa zimekwisha kuhamia kijiji kipya, walipokea masanduku yamefungwa. Mmoja wa wachimbaji alinisimulia baadaye tukikunywa: "Ile ya kumi na saba haikuwa na kitu, tata, udongo tu. Tulisema ni ya zamani, iliisha. Tukaweka udongo mu sanduku, tukaandika jina." Nilimsikia, nikamalizia glasi yangu, nikaongea mambo ya mpira. Ndiyo, mambo ya mpira!

Sasa unajua nani alikuwa amekaa pembeni yangu na beseni magotini. Mimi nilijua pia, mahali fulani ndani ya tumbo, lakini kichwa kilikuwa kinakataa. Nikaendelea kuendesha. Udongo ulikuwa unadondoka kupitia tundu, kidogo kidogo, nilikuwa nausikia juu ya plastiki ya kiti.

Kisha akaniuliza. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Aliuliza kama mtu anayeuliza kwenye dirisha la ofisi, aliyekaa kwenye foleni tangu asubuhi na wenzake wote wameitwa.

"Benzangu bote balipewa namba. Balibaandikia na rangi nyeupe. Mi niko namba ngapi, tata?"

Niambie, wewe ungejibu nini? Namba yake nilikuwa naijua. Jina la mama yangu mzazi ningeweza kulisahau, lakini namba ile sikuisahau hata siku moja. Ilikuwa ni kusema tu: mama, ni kumi na saba, na mimi ndiye, unisamehe. Maneno machache tu. Nikajibu, "Mi sijui mambo ya ile kazi, mama. Mi niko dereva tu."

Amini usiamini, kuliko kila kitu kilichotokea siku ile, hicho ndicho kinachoniamsha. Si mzimu. Mzimu alikuwa na adabu zake. Mimi ndiye sikuwa nazo.

"Dereva," akasema, taratibu. Akaweka kiganja chake juu ya tundu la beseni, udongo ukaacha kudondoka. "Ile siku nilisikia moteur. Ilisimama pale mbele yangu, haikuzimwa. Nikasema, sasa atashuka. Nikangoja. Hakushuka."

Tulikuwa tumefika kwenye uzio wa waya, na nyuma ya uzio ule kuna mlima wa mawe ya mgodi, mwekundu na wa kijivu, unaofunika mahali palipokuwa na shamba la mihogo.

"Simama hapa," akasema.

Nikasimama. Nikashuka, maana yeye asingeweza kufungua. Nikazunguka mbele ya jeep, hatua sita au saba, macho chini kwa aibu. Nikafungua mlango. Kiti kilikuwa kitupu.

Nikaangalia nyuma ya jeep, chini yake, njiani. Uwanda wote ulikuwa umechomwa, hakuna hata jani la kujificha nyuma yake. Juu ya kiti palikuwa na kirundo cha udongo chenye ncha, kama unga unaopita kwenye tundu moja. Niliugusa. Ulikuwa mbichi. Mwezi wa nane, pori lote limekauka mpaka linapasuka, na udongo ule ulikuwa na unyevu kama uliotoka chini sasa hivi. Na moteur, hapo ndipo niliposikia, bado ilikuwa inaunguruma. Sikuwa nimeizima.

Nikapanda nikaangalia zile mashine. Unapowasha GPS mpya na kuweka pointi ya kwanza, inaiita yenyewe 001. Kila dereva anajua hivyo. Mimi nilikuwa sijaweka pointi hata moja siku ile. Lakini zote tatu, ile ya vibonye, ile ya kioo, na ile simu, zilikuwa na pointi moja tu ndani. 017. Na mshale wake ulielekea ng'ambo ya waya, mita arobaini, ndani ya ule mlima.

Ungefanya nini na kitu kama hicho? Mtu mwenye moyo angekiandika, angekimbia nacho kwa Mama Godelive. Mimi nilifuta. Kwa kidole hiki hapa, moja baada ya nyingine, zote tatu. Nikapangusa kiti kwa kitambaa, nikakitupa kitambaa dirishani, nikarudi Kolwezi. Patron akauliza nimechagua ipi. Nikamwambia zote ni nzuri, achague mwenyewe kwa rangi. Alinitazama sana, na tangu siku ile hakuniuliza tena neno.

Nilikaa na jambo hili tangu mwezi wa nane mpaka siku ya kuombea wafu, mwezi wa kumi na moja. Bibi yangu wa ndoa alisema mimi mgonjwa. Nilikuwa silali, nilikuwa nikisikia gari imesimama nje na moteur inawaka, natoka, hakuna gari. Siku ya wafu nikaenda kwenye makaburi mapya ya watu wa Mwalushi. Sikuwa na mpango. Nilisema nitaangalia tu kutoka mbali, unaona jinsi nilivyo, daima kutoka mbali.

Mama Godelive alikuwa pale, amepiga magoti, anasugua msalaba wa namba kumi na saba kwa sabuni na brashi. Na alikuwa anaongea. Anamsimulia mama yake habari za nyumba: binti yake amezaa, paa la nyumba mpya linavuja upande wa jikoni, mihogo ya huku haikubali. Alikuwa anasema na sanduku la udongo mtupu, na sababu ilikuwa imesimama nyuma ya mti inamsikiliza.

Miguu ikanipeleka. Nikapiga magoti pembeni yake, nikamwambia yote. Kichuguu, kidole, wachimbaji, beseni lenye tundu, uzio. Sikuruka kitu. Alinisikiliza brashi ikiwa mkononi, povu linamkaukia kwenye vidole. Hakuniuliza kama nilikuwa nimekunywa. Hakuniuliza kuhusu mzimu hata kidogo. Aliuliza jambo moja tu.

"Ile siku, ulishuka mu motokari?"

"Hapana, mama."

Akaweka brashi chini. Watu wa kaburi la pili walikuwa wameanza kutuangalia. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana:

"Na mi nilikuongezea bukari."

Nilitaka anipige. Nilitaka apige kelele, watu waje. Alisimama tu, akamwaga maji ya sabuni, akaondoka, hakumaliza kusugua ule msalaba. Kwenye msalaba jina la Mama Ngoie lilibaki nusu linang'aa, nusu lina vumbi.

Baadaye alinitafuta, tukaenda kwa wakubwa wote tulioweza kuwafikia, mimi na yeye, nikaandika kwa mkono wangu kwamba kosa ni langu. Walitusikiliza. Walisema ule mlima hauchimbuliki, juu yake kuna mawe ya miaka yote hii na mengine yanaongezwa kila siku. Basi Mama Ngoie atabaki pale. Shamba lake haoni tena, haoni kitu.

Na mimi nimebaki hivi. GPS yoyote nikiiwasha kwa mkono wangu, iwe mpya, iwe ya mtu mwingine, ina pointi moja ndani, ile 017. Nikifuta, kesho ipo. Wewe ukiiwasha, haina. Ndiyo maana nakuambia, ukinunua yako uifungue mwenyewe boksi yake na uiwashe mwenyewe, si uvivu wala dharau. Nakuchagulia kwa maneno tu.

Kila mwaka siku ya wafu nampeleka Mama Godelive kwenye ule uzio. Ni yeye aliyeomba, na mimi siwezi kukataa jambo lolote analoniomba. Ananunua beseni jipya, jeupe, la maua, analitoboa kwa msumari pale pale mbele yangu, analifunga kwenye waya. Anasimama, anasimulia habari za nyumba. Mara ya kwanza nilizima moteur, nikafungua mlango wangu, nikateremsha mguu mmoja. Akageuka, akainua mkono.

"Hapana, tata. We bakia mu motokari."

Nikarudisha mguu. Tangu hapo, kila mwaka, nabaki kwenye kiti, namwangalia kupitia kioo chenye vumbi.

Basi chagua unayoitaka. Ya vibonye, ya kioo, ya sauti ya mwanamke, zote zitakufikisha. Lakini ukifika, na hasa ukiona kitu cheupe kwenye majani na ukajua ni nini, usiweke kidole kwenye ramani. Zima moteur. Shuka, hata umeshiba, hata jua likikuua. Mimi ningeweza kushuka siku ile, na leo hakuna anayenitaka nishuke.